Tuta la Katikati ya Daraja

Walikuja watatu kutoka Tampere,
na kompyuta zao, na viatu visivyojua barafu.
Halmashauri zetu mbili ziliwalipa nusu kwa nusu,
na ile sarafu ya senti tano isiyokatika vipande viwili
tukaibishania kikao kizima, kahawa ikipoa,
hadi Taisto wa ng'ambo akachomoa yake mfukoni
akaigonga mezani: "Haya, chukueni. Tuendelee."
Mimi ni mhasibu wa Kivisalo. Niliikatia risiti.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sisi tulitaka mgeni aje, jirani augue.

Walihesabu kila kitu.
Madawati ya shule, kisha watoto wa kuyakalia;
makaburi mapya; mabomba ya majitaka;
magari mawili ya zimamoto ya mwaka mmoja,
kwa kuwa wao walinunua, nasi tukanunua.
"Moto wa mwisho uliwaka lini?"
Tukatazamana. Sauna ya Hilppa, miaka tisa iliyopita,
na aliizima mwenyewe kwa ndoo.

Mdogo wao, Saimi Lindroos, hakuwa na maneno mengi.
Alikaa ofisini kwangu akifunua leja za kale.
"Hapa," kidole kwenye mwaka wa themanini na mbili,
"mliwauzia nini?"
"Jenereta."
"Mbona wakaacha kulipa?"
"Ilikuwa mbovu."
"Na muuzaji alijua?"
Nikammiminia kahawa.
Babangu ndiye aliyeiuza.

Daraja letu lina mita sitini.
Taa za upande wetu ni za njano, za kwao nyeupe.
Theluji ikianguka, greda letu hufika katikati,
huinua beleshi lake, hugeuka. La kwao vilevile.
Baina ya migeuko hiyo miwili hubaki tuta,
mita mbili za theluji isiyo na mwenyewe,
ngumu kama jiwe tangu Novemba hadi Aprili.
Sisi tumezoea: gia ya kwanza,
mkono mmoja kwenye trei ya mayai.

Saimi hakuzoea.
Usiku mmoja wa Januari gari lake likapanda, likakwama,
pua kwetu, mkia kwao, magurudumu yakizunguka hewani.
Wakaja madereva wote wawili, Urpo na Kaino,
wasiosalimiana tangu ile jenereta.
Kila mmoja akafunga kamba yake,
kila mmoja akavuta kwake.
Gari likalia, lisiende popote.
Saimi akashuka, akasimama kwenye baridi ile,
akatoa kijitabu, akaandika kitu.

Ripoti ilifika Machi, kurasa mia moja na kumi.
Majedwali. Akiba ya miaka kumi ijayo.
"Manufaa ya pamoja" mara thelathini na nne; nilizihesabu.
Na ukurasa wa sabini na mbili, mstari peke yake:
*Katikati ya daraja kuna tuta. Sababu ya kitaalamu haikupatikana.*

Chumba kikatulia, hata kiti hakikulia.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ni kweli;
lakini aliyekilalia mno
huwahesabu kunguni katika ukoo.

Kura ni Jumanne. Sijui itaangukia wapi.
Jina jipya waliloshauri linanuka dawa ya meno,
na mimi nataka kuzikwa Kivisalo,
si katika Kanda ya Huduma Namba Nne.

Ila leo alfajiri nimevuka daraja
na gari halikuruka.
Nikarudi kinyumenyume, nikavuka tena.
Lami tupu, nyeusi, toka taa ya njano hadi nyeupe.
Urpo anasema si yeye.
Kaino, kwa simu, anasema si yeye,
kisha akauliza hali ya goti la Urpo.

Nimefungua leja, nikatafuta safu ya kuiweka.
Hakuna.
Nimeandika pembeni, kwa penseli:
mita mbili, zimesafishwa, wa kudaiwa hajulikani.